Maneno Matatu ya Nesi Remedios

Siku moja kabla ya safari ya Mbarara, Yvette alimpelekea Mzee Appolinaire kuku. Hakuwa kuku wa shukrani. Pale Kashojwa, katika kambi ya wakimbizi, mzee ndiye pekee aliyejua Kihispania, na kesho yake angetafsiri kwa Kiingereza ripoti iliyomshtaki Yvette. Watu husema lugha hufunzwa kwa nyimbo na sala. Wapi! Mzee aliipata yake jikoni kwa masista wa Kihispania huko Uvira, akiwasikiliza wakigombana na wauza makaa miaka kumi na minne, na hakuna jina la mwongo ambalo hakulijua.

Kisa chenyewe kilianzia Kabazana, kwenye kituo cha kupokea wakimbizi, siku ya kuandikishwa. Yvette aliulizwa ana watoto wangapi, akasema wanne. Angesema nini? Wawili aliwazaa, wawili aliachiwa na marehemu dada yake, na kwao mtoto wa dada hatengwi mbele ya wageni. Karani akaandika kwamba amewazaa wote. Baadaye nesi Remedios, Mhispania aliyekuja kupima watoto, aliuliza tarehe za kuzaliwa, naye Yvette akazitaja bila kusita: Gisèle Machi, Junior Julai, mwaka uleule. Nesi akahesabu miezi, akakasirika, akaandika ripoti kwa lugha yake. Sasa Junior na mdogo wake, wale wa dada, wangeweza kuondolewa kwenye kadi ya familia ya Yvette na kupewa mlezi mwingine.

Yvette alimwomba mzee alainishe maneno kidogo tu. Mzee hakumgusa hata yule kuku.

"Mama Gisèle," alisema, "nikipunguza maneno yake, nani ataamini yako? Rudisha kuku yako ku nyumba."

Yvette alirudi akiwa amemkasirikia kweli.

Kesho yake, ofisini Mbarara, walikaa wanne: yeye, mzee, nesi, na Bwana Rugamba, afisa wa kuamua kesi hiyo. Mzee alisoma ripoti pole pole. Alipofika kwenye maneno matatu, *mentirosa*, *embustera*, *tramposa*, Rugamba akaandika neno moja la Kiingereza, liar, akasema linatosha. Yvette alishukuru kimoyomoyo. Afadhali tusi moja kuliko matatu.

Mzee akakataa. Alisema, kwa heshima zote, mama yule ameitwa mambo matatu na yote matatu yaandikwe. La kwanza ni mtu aliyesema jambo lisilo kweli, basi. La pili ni fundi wa uongo, anayeupanga na kuukagua usije ukavuja. La tatu ni tapeli, anayecheza rafu ili apate cha mwenzake. Akatafuta Kiingereza cha kila moja, akakirudia mpaka afisa alipoandika. Yvette alitamani ardhi ipasuke.

Rugamba alitazama maneno yale, kisha fomu ya tarehe. Akauliza, kwa Kiswahili chake cha Uganda, fundi gani wa uongo anaandikisha watoto wawili waliopishana miezi minne na kutaja miezi yenyewe. Mzee akamtafsiria nesi, hakuongeza nukta. Nesi akawa mwekundu. Alichukua kalamu, akafuta la pili, akafuta la tatu. Kwenye la kwanza mkono ukasita.

Ndipo Yvette alipofunua kinywa.

"Papa Appolinaire, mwambie hiyo ya kwanza aiache. Karani aliandika nilizala bote bane, nami nilinyamaza. Ni uongo. Junior na mudogo wake ni ba dada yangu. Alikufia mu njia, nikababeba. Sikutaka basikie siku moja nikisema si bangu."

Hakuwahi kuyasema maneno hayo kwa mtu. Mzee aliyabeba yote, kwa Kihispania, kisha kwa Kiingereza, bila kupunguza hata moja. Lo, mwanamume yule! Kama jana angekubali kulainisha, leo nani angemsikiliza?

Nesi alifuta neno la kwanza pia, akamshika Yvette mkono. Rugamba alirekebisha fomu, wawili wa kuzaa na wawili wa dada, kadi ikabaki moja na watoto wakabaki wanne.

Nje, Yvette alitaka kumshukuru mzee. Machozi yalikuwa yamemtangulia.

"Ile kuku ya jana," mzee alisema, "sasa unaweza kuileta. Leo haiko rushwa tena. Iko mboga."