Walitoka Wanne, Wakarudi Watano

Kila Jumamosi Shangazi alitoka zamu bekarini saa moja asubuhi, akalala hadi saa nne, akanawa uso, kisha akawakusanya watoto wa kaka yake na kuwatoa nje ili wifi yake apate kupumua. Watoto walikuwa wanne. Kulikuwa na Kifungua, binti wa miaka kumi na mitatu aliyejiona mtu mzima. Mapacha wawili wa kiume, waliokuwa na umri wa miaka tisa na ugomvi wa miaka tisa. Na Kitinda, ambaye bado alisinzia mchana popote alipokaa. Shangazi aliwabebea chupa ya maji na mikate iliyoungua upande mmoja, ile ambayo wafanyakazi wa bekari hugawana kwa kuwa haiuziki.

Jumamosi hiyo walikwenda kuteleza. Nje ya mji kulikuwa na mteremko wa majani ulioishia kwenye kijito, na watoto walikalia vipande vya boksi wakaserereka hadi chini, wakapanda, wakaserereka tena, mpaka kaptura za mapacha zikaanza kuonyesha yasiyopaswa kuonekana. Shangazi alikaa kwenye kivuli na kila baada ya kitambo alihesabu. Alinyoosha kidole na kusema kwa sauti: mmoja, wawili, watatu, wanne. Bekarini alihesabu mikate kimya kimya, ishirini na nne kwa kila trei, na msimamizi wake hakuwahi kuirudia hesabu hiyo. Watoto ndio aliowahesabu kwa sauti, na hakufanya hivyo bure.

Miaka miwili nyuma alikuwa ametoka na watoto watano. Wa tano alikuwa binti wa jirani yao, fundi cherehani, mtoto wa miaka saba aliyeitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Walirudi kwa njia inayopita ukingoni mwa shimo la kifusi. Mkandarasi wa barabara alikuwa amelichimba, akachukua udongo aliouhitaji, akahamia upande wa pili wa mji na kuliacha wazi. Mvua ikalijaza. Siku ile, walipofika kwenye daraja la mbao, Shangazi alihesabu vichwa vitano akaridhika. Cha tano kilikuwa cha mtoto wa watu, mpita njia tu, aliyeelekea upande uleule. Wapiga mbizi walifanya kazi siku tatu wakaibuka na ndala moja, ya mguu wa kushoto. Walisema shimo lilikuwa na kina kirefu kuliko kamba yao.

Tangu hapo fundi cherehani hakumsalimia Shangazi. Cherehani iliyokuwa barazani, ikionekana kutoka nyumba ya kaka, ilihamishiwa chumba cha ndani. Shangazi hakumlaumu. Aliacha kulala usingizi wa kushiba, akaanza kuhesabu kwa sauti.

Alasiri walianza safari ya kurudi. Njia ilikuwa ileile, kwa kuwa nyingine ilikuwa barabara kuu yenye malori, na hapo mtu alichagua tu namna ya kuogopa. Walilipita shimo mmojammoja, kila mtoto ameshika nguo ya aliyemtangulia. Maji yalikuwa ya kijani, yametulia. Walipofika kwenye daraja la mbao Shangazi aliwasimamisha, akaweka mkono juu ya kila kichwa. Mmoja. Wawili. Watatu. Wanne. Akanyamaza, kama alivyonyamaza kila Jumamosi.

"Watano," ikasema sauti.

Alipeleka mkono, na kichwa kilikuwepo, baina ya pacha mdogo na Kitinda. Kilikuwa kimelowa. Chiriku alisimama pale na gauni lake la njano, nywele zimeshika tope, mguu mmoja una ndala na mwingine hauna.

"Shangazi, nina njaa," alisema.

Shangazi alimpa mkate. Bekarini mkate ukipungua hutafutwa mwizi. Ukizidi hautupwi, hutafutiwa trei yake. Alijua hiyo trei ilikuwa mlango wa tatu kutoka kwao, lakini alikuwa na watoto watano wa kufikisha nyumbani, akatembea.

Kifungua alijidai kwamba yeye alikwisha kumwona tangu kwenye mteremko, maana kuna mtu aliyelilowesha boksi lake. Mapacha walimpima Chiriku kwa macho. Zamani aliwapita kwa kichwa kizima na kuwaita watumishi wake. Sasa alikuwa akiwafika mabegani.

"Umefupika," akasema mmoja.

"Nyinyi ndio mmerefuka," akajibu Chiriku huku akitafuna. Kisha hakunyamaza tena hadi mjini. Alieleza kwamba kule chini kulikuwa na baridi lakini si sana, kwamba palikuwa na gurudumu la lori na ndoo, na kwamba lililomchosha ni kukosa wa kuzungumza naye. Kila Jumamosi aliwasikia wakipita juu.

"Unahesabu, ukifika wanne unanyamaza," alimwambia Shangazi. "Nikawa nangoja useme watano. Husemi. Leo nikaona niseme mwenyewe."

Shangazi alimjibu kwamba alifanya vizuri.

Mlangoni kwa fundi cherehani Shangazi alipiga hodi mara moja, akasikia cherehani ikisimama. Mama alifungua akiwa na pini tano mdomoni. Alimtazama mtoto, akazitoa pini moja baada ya nyingine na kuzichomeka kwenye kimto kidogo cha kitambaa alichokivaa mkononi, maana mtu mwenye pini mdomoni hawezi kusema neno bila kujichoma.

"Umechelewa," alimwambia mtoto. "Futa miguu."

Akaenda kabatini, akaleta ndala ya kushoto, akaiweka chini. Chiriku akaivaa. Mama aligeuka akakaa juu ya marundo ya vitambaa, akamvuta mtoto, akamweka mapajani, na maji yakaanza kupenya kwenye suti ya mteja.

"Ingia, Shangazi," alisema. "Usisimame mlangoni kama mgeni."

Shangazi aliwaruhusu watoto wa kaka yake waende nyumbani, akaingia. Alikuwa na hotuba aliyoitunga kwa miaka miwili. Ilipofika mdomoni ilikuwa imebaki maneno mawili.

"Nilihesabu vibaya."

"Najua," alisema mama. "Na mimi nilikupa mtoto ili nipate nafasi ya kumaliza gauni la watu. Wewe hukuniomba. Mimi ndiye niliyemsukuma, nikasema mchukue, ananipigia kelele."

Wakagawana lawama ile nusu kwa nusu, kama wanawake wawili waliokata doti moja ya kanga. Shimo halikupata hata uzi. Kisha Shangazi aliegemea ukuta ili apumzike kidogo, na usingizi wa miaka miwili ukamjia wote kwa pamoja. Alilala hadi Jumapili mchana, kichwa kwenye mfuko wa mabaki ya vitambaa, cherehani ikilia karibu na sikio lake na Chiriku akiongea kuushinda mlio wake.

Nyumba ilimzoea mtoto upesi. Hakukauka. Mama alimwanika juani, akambadilisha nguo, akampangusa kwa taulo, na baada ya robo saa maji yalikuwa yakidondoka tena kwenye pindo. Ikabidi kila kiti alichopenda kiwekewe beseni chini, na maji yake yakatumika kumwagilia mboga, ambazo hazikuwa na malalamiko. Mwili wake ulikuwa wa baridi kama mtungi. Kipimo cha mabega yake hakikubadilika hata kwa unene wa chaki, jambo ambalo mama, kama fundi, alilipenda, kwa kuwa watoto wa wengine walikuwa wakiziacha nguo kabla hazijapauka. Majirani walikuja wakitaka kuichukua tena pole waliyokwisha kuitoa. Walikaa, wakaloweshwa, wakaondoka wakitabasamu.

Wiki ya pili, Shangazi na fundi cherehani walimchukua mtoto wakaenda ofisi ya barabara. Walitaka shimo lifukiwe, au angalau liwekewe uzio. Karani wa pale, mwanamume mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, aliposikia ni nani huyu alisimama, akampa Chiriku mkono, akajifuta kwa leso na kumwomba tu asikae juu ya karatasi. Alifurahi kwa dhati. Alisema kazi yake ni ya habari mbaya tupu na kwamba siku kama hii haimjii mara mbili. Akalitafuta faili, akalifungua mbele yao.

Ndani mlikuwa na ukurasa mmoja. Mtoto amepotea, uliandikwa. Chanzo: uzembe wa msimamizi wa mtoto. Shangazi aliusoma mara mbili, kwa sababu katika ukurasa ule mlikuwa na tarehe, saa na rangi ya gauni, lakini neno shimo halikuwemo.

Karani alieleza utaratibu bila haraka. Ombi la uzio lilikuwepo, tena lilikuwa limefika mbali, ila lilipandishwa juu ya mgongo wa faili hili. Faili lilifunguliwa kwa sababu ya hasara. Hasara imerudi, imesimama hapa, inachezea mhuri. Basi faili linafungwa, na ombi linakwenda nalo.

"Mngekuja kabla hajarudi," alisema kwa huruma, "ningewasaidia."

Shangazi aliomba basi lile neno uzembe lifutwe. Karani alichovya mhuri, akaugonga, akapuliza wino ukauke. Alisema faili likishafungwa haliandikwi tena juu yake.

Walitoka nje. Shangazi aliitafuta hasira yake, maana aliona ni haki yake kuwa nayo, akaikuta imesinzia. Mwenzake alikuwa akicheka peke yake, kicheko cha mtu aliyetua mzigo na bado anahisi alama ya kamba begani. Alisema mambo ya ofisi yatangoja, leo ana mtoto wa kusuka nywele.

Jumamosi iliyofuata, saa nne na nusu, fundi cherehani alikuja mlangoni kwa kaka akimshika Chiriku mkono.

"Mchukue," alisema.

Shangazi alikuwa akifunga kamba za viatu vya Kitinda. Alisema hawezi.

"Mtoto hafi mara mbili, Shangazi. Hawa wako ndio wa kuangaliwa."

Shangazi alimaliza fundo la kamba, akasimama. Wakaenda watano na mwenye kuwahesabu. Walipofika kwenye shimo waliona kwamba mvua za wiki ile zilikuwa zimeimega njia, na mahali walipokanyaga siku zote palikuwa hewa. Chiriku aliachia nguo ya aliyemtangulia, akaenda mbele. Alitembea juu ya ukingo wenyewe, pale ambapo udongo uliporomoka chini ya visigino vyake, naye hakuporomoka nao. Alisimama akanyoosha mikono yote miwili.

"Hapa panameguka," alisema. "Pale chini ni tope. Piteni nyuma ya mgongo wangu, Kitinda kwanza. Usilie, mimi niko huku."

Walipita. Shangazi alipita wa mwisho, na kwa mara ya kwanza katika miaka miwili alilitazama lile shimo bila kuharakisha hatua. Siku hiyo waliserereka mpaka jua likashuka, na alisahau kuhesabu hadi Kifungua alipomkumbusha.

Habari zilifika shuleni. Mwalimu mkuu alikuja mwenyewe kwa fundi cherehani kuomba, kwa adabu, kama binti angeweza kusimama ukingoni mwa shimo asubuhi watoto wanapokwenda shule na mchana wanaporudi, kwa kuwa yeye maji hayamdhuru. Chiriku alikubali kabla mama hajafungua mdomo. Watoto mia mbili kwa siku, wote wa kuzungumza nao. Mama alimshonea gauni jekundu, la kola pana, aonekane kwa mbali. Shangazi, akitoka zamu, humpitishia mkate wa moto, husimama naye kidogo, kisha huenda kulala, na hulala vizuri.

Karani wa ofisi ya barabara alifika kukagua. Aliandika kwamba eneo lina mlinzi na kwamba uzio hauhitajiki. Mwezi huohuo mkandarasi alirudi, akaanza kuchimba upande wa pili wa njia, mkabala na shimo la kwanza. Malori hupita hapo asubuhi nzima. Madereva wamekwisha kumjua Chiriku. Humpigia honi, naye huwapungia mkono.