Mgongo wa Habibu

Miaka mitatu nilimwita mume wangu mvivu, tena mbele ya mama yake. Tangu arudi kutoka Kongo kulinda amani, Habibu hakugusa gunia. Mwanamume mzima, sajenti wa jeshi, anasema mgongo unamsumbua, na mimi ndiye ninayebeba alizeti kutoka shambani hapa Kolo hadi barabarani. Nikimuuliza huo mgongo umefanya nini, anajibu, "Kazi tu."

Februari akaitwa Dodoma kuvalishwa nishani ya ushupavu. Nilikaa na wake wa askari wengine, ofisa akasoma: huku risasi zikimwandama, alimbeba mgongoni koplo aliyevunjwa mguu, kilomita nne, tena za mlima.

Sikujua niuweke wapi uso wangu.

Nyumbani sikuomba msamaha, sijazoea. Nikaanza tu kumkanda mgongo kwa mafuta ya nyonyo kila jioni. Yeye naye akawa anajilaza mapema kunisubiri.

Msimu wa mavuno ulipofika, mgeni kutoka Kongwa akabisha hodi, anachechemea kidogo. Alikuwa yule koplo, Chilongani.

"Shemeji, magunia yako wapi?"

Nikamwambia mgeni habebi mizigo, akae anywe chai. Hakunisikiliza. Akainama, akatupia gunia begani, na Habibu akabaki kivulini anacheka.

"Mwache, Mwajabu," akasema. "Gunia hilo ni zito kuliko yeye siku ile."

"Lakini gunia halilii," Chilongani akanigeukia. "Mimi nililia njia nzima, shemeji, na hakunitua."