Tairi Lisilopiga Kelele

Daktari alimwambia Mzee Mbarouk kuwa baiskeli sasa ni ya ndani tu. Moyo umechoka, na mtu akizirai barabarani hapa Thornton Heath katikati ya mabasi haokotwi mzima. Mzee alinuna siku tatu. Mkewe, Bi Ummukulthum, akanuna naye kwa adabu, ila jikoni alikoroga uji huku anajichekea.

Maana kwa miaka kumi na miwili, kila Jumamosi, Mbarouk alipanda baiskeli kwenda Peckham kununua muhogo. Muhogo ulikuwepo hapohapo mtaani kwao, lakini wa Peckham, alisema, una unga zaidi. Alirudi na vipande viwili na nguo zinanukia udi, na nyumbani kwao udi haukufukizwa tangu Idi. Muhogo wenyewe ukiitwa Najla, na kila Mzanzibari wa London alimjua. Bi Ummukulthum hakuwahi kumtaja. Alisubiri. Uzee utamrudisha, alijiambia, na akirudi atakuwa wangu peke yangu, hata akirudi kibogoyo.

Basi amerudi. Baiskeli ikafungwa chumbani kwenye chuma cha kuishikilia isiende, gurudumu la nyuma likakalia roli, kigurudumu cha chuma kinachozunguka nalo, na mzee akawa anapiga pedali kila jioni bila kwenda popote. Lakini tairi lile la barabarani lilinguruma kama mashine ya kusaga, likamwaga vumbi jeusi kwenye zulia, na Ann, jirani wa ukuta mmoja, akaja kuuliza kwa upole kama wanajenga.

Bi Ummukulthum akanakili namba zilizo ubavuni mwa tairi, akazipeleka kwa Alkesh, fundi baiskeli mzaliwa wa Mombasa. Alkesh akamwekea mawili mezani. Moja la kawaida, kipara, bei nafuu. Kelele zitapungua kidogo, ila likipata joto kwenye roli litalika. La pili gumu, limetengenezwa kwa kazi hiyo ya ndani: halimwagi vumbi, na sauti yake kama mtu anapepeta mchele chumba cha pili.

"Ila nikwambie kweli, mama. Hili barabarani halifai. Lami ikilowa kidogo tu, mtu yuko chini."

"Halifai kabisa?"

"Hata kwenda dukani."

"Nifungie hilohilo," akasema Bi Ummukulthum, na njia nzima alilikumbatia kama mtoto wa kuasili.

Jioni ile likavishwa. Nyumba ikatulia. Bi Ummukulthum akapika chai ya tangawizi, akaipeleka mwenyewe chumbani, na mlangoni akasimama. Mzee alikuwa akizungumza. Simu ameiegemeza kwenye usukani, mgongo kaupa mlango, na ni wazi mazungumzo hayo hayakuanza leo. Siku zote yalikuwa yamejificha chini ya ule mngurumo.

"Nimemaliza kilima cha Crystal Palace," alisema, anahema. "Sasa nateremka. Upepo mzuri."

Akacheka. Kicheko hicho mkewe alikisikia mara ya mwisho mwaka waliooana.

"Imebaki Lordship Lane tu, naingia Peckham. Teleka chai."

Bi Ummukulthum alisimama na kikombe mpaka safari ikaisha, mpaka mzee akalegeza miguu na kusema taratibu, "Nifungulie, Najla. Nimefika." Hapo akarudi jikoni, akainywa chai yote yeye, imepoa vilevile.

Asubuhi Alkesh alipomwona alidhani tairi limepasuka. Akaambiwa tairi halina kasoro, ila anataka jingine, lile lenye meno, la kupandia milima kwenye matope. Alkesh akamwonya kuwa lile juu ya roli litalia hata jirani ahame.

"Ann nitampelekea sambusa."

Alkesh akauliza, huku analishusha kutoka ukutani, kama mzee ndiye aliyelalamikia ukimya.

"Mzee hana neno," akasema Bi Ummukulthum, anafungua mkoba. "Ni mie. Napenda kusikia kuwa yumo ndani."