Tramu Yenye Shingo

Muteti alikuwa akikwangua paa la tramu kwa kisu, ulimi nje, Parmuat aliposimamisha mkokoteni wake wa maji na kucheka mpaka punda wake wakageuka.

"Fundi, hii imebakisha mkia tu!"

Wanjira, mwenye duka la vinyago hapo Noonkopir, alikuwa ameachiwa picha tatu na mwalimu mzee kutoka Richmond, Amerika, aliyetaka historia ya mji wake ichongwe kwa mti. Ya kwanza, behewa la kuvutwa na farasi. Ya pili, tramu ya mwaka 1888, behewa la umeme la kupita kwenye reli barabarani, lenye mlingoti mwembamba juu unaogusa waya. Ya tatu, basi, lililokuja baadaye likaing'oa tramu barabarani. Mgeni angepitia kuchukua vinyago vyake kesho kutwa akitoka Amboseli.

Muteti alikuwa amechonga twiga maisha yake yote, hata kuwaota akachoka. Wanjira alimwahidi: mgeni akiridhika, atachonga apendacho, asiporidhika, arudi kwa twiga. Basi akachonga kama alivyofundishwa kwao Wamunyu, kila kitu katika gogo moja, kwa kuwa kubandika ni aibu. Lakini mkono una mazoea yake. Mlingoti ulitoka mnene, ukapinda kidogo, ukainua kichwa.

"Na hawa farasi walienda wapi?" Parmuat aliuliza, akishika picha ya pili.

"Stima iliingia kwenye waya, wakafutwa kazi."

"Sema polepole. Punda wangu wanasikia."

Wanjira akatokea, akatazama, akashika kiuno. "Muteti! Nilikuagiza twiga wa magurudumu? Kata hiyo shingo, ubandike kijiti na gundi."

"Sawa, Mama Ciku. Lakini gundi ya hapa inaacha alama. Ile isiyoonekana iko Kiserian."

"Duka gani?"

"Ukifika, uliza."

Wanjira akashika njia ya steji ya matatu za Kiserian, mkoba kwapani.

"Iko kweli?" Parmuat alinong'ona.

"Mimi sijawahi kubandika kitu. Nitajuaje?"

Akarudi kukwangua, taratibu, maana mlingoti ukikonda kupita kiasi utavunjika, na ukivunjika, twiga wanamngoja. Jua lilipozama, nusu ya juu ilikuwa mlingoti, nusu ya chini bado twiga. Akalowesha gunia, akaifunika tramu isipasuke, akaisukuma nyuma ya magogo.

"Kesho namalizia shingo," alimwambia Parmuat, aliyekuwa akipita tena na mkokoteni mtupu.

"Na Mama Ciku akirudi leo?"

"Mwambie nimemfuata Kiserian."