Chupa Kumi na Moja za Vinegre

Dorine wa Mulongwe alikuwa na megafoni na hakuwa na haya. Kampeni zote za afya za mtaa zilipita mdomoni mwake: vyandarua, chanjo, kipindupindu. Safari hii ilikuwa kansa ya mlango wa kizazi. Kila mwanamke wa miaka thelathini hadi arobaini na tisa apimwe Jumanne, bure.

"Bamama! Hakuna kisu, hakuna sindano! Ni vinegre tu! Muganga anapaka, anaangalia, basi!"

Alisema vizuri mno, tena bila yeye mwenyewe kuwahi kupimwa. Alikuwa na miaka arobaini na tatu. Ugonjwa huohuo ulimwondoa mama yake kule Luvungi, na tangu siku hiyo Dorine aliogopa kile kitanda cha kipimo kuliko alivyoogopa mafuriko. Lakini mwenye megafoni, nani atamuuliza?

Jumanne asubuhi wanawake kumi na mmoja wakafika kituo cha afya, kila mmoja na chupa yake ya vinegre, ile siki ya jikoni. Msicheke haraka. Huku kwetu mwanamke haendi kuzaa mikono mitupu: anabeba glavu, wembe, sabuni, beseni. Sasa muganga akisema anafanya kazi na vinegre, mtu mwenye akili ataacha yake nyumbani? Blandine, muuza mikeke, wale samaki wa ziwani, ya kukaanga, alileta lita nzima, na pilipili zikielea ndani.

Muuguzi Olga aliitazama ile chupa mpaka machozi ya kicheko yakamtoka.

"Mama Blandine, nikikupaka hii utafika Bujumbura mbele ya basi! Vinegre iko hapa, tunaitengeneza sisi wenyewe."

Benchi zima likacheka, isipokuwa Blandine. Yeye aligeuka taratibu.

"Dorine. Weye wakati walikupima, ulileta yako?"

"Walinipaka... ya kwao."

"Sasa mbona hukutuambia? Ulipimiwa chumba gani?"

"Kile cha kushoto."

"Cha kushoto ni choo," alisema Olga.

Lo! Kicheko kikakatika. Blandine akainua chupa yake, akajifunga kitenge upya.

"Twende, bamama. Kama ingekuwa kitu kizuri, huyu angekuwa wa kwanza."

Wanawake wakaanza kuinuka mmoja mmoja. Dorine akaona kazi yake yote inaondoka na kumi na mmoja hawa, na labda mmoja wao anaondoka na ugonjwa wa mama yake bila kujua. Akaiweka megafoni chini.

"Minye niko na woga," alisema, kwa sauti ndogo ambayo Mulongwe haikuwahi kuisikia. "Mama yangu alikufa na hii. Naogopa hata minye watanikuta nayo."

Blandine akaweka chupa yake chini. Kisha akamshika mkono.

"Si ungesema tangu mwanzo, mujinga weye? Tunaingia wawili."

Ndani, Olga alipaka, akasubiri dakika moja. Dorine alihesabu mbao za dari, akakosea, akaanza upya. Blandine alisimama upande wa kichwa chake, akimsema vibaya mchungaji wao ili kumchangamsha.

"Iko alama nyeupe," alisema Olga.

Dorine akaona kitanda alichofia mama yake kule Luvungi.

"Tulia, mama. Hii si kansa. Ni doa tu, ila tungeliacha, miaka ijayo lingeweza kuwa kansa. Nalichoma sasa hivi, halafu mwaka kesho unarudi niangalie. Na bwana wako, Papa Emery, wiki sita asikukaribie."

"Maskini Emery!" alisema Blandine.

Dorine alilia huku akicheka, na alipotoka nje bado alikuwa analia. Wanawake wote walikuwa wamemngoja. Akaokota megafoni.

"Bamama, nilidanganya! Leo ndiyo nimepimwa! Walikuta doa, wamelichoma, nimetoka kwa miguu yangu! Mama yangu angepata hii nafasi, leo angekuwa hapa, ananigombeza. Wiki sita bila bwana, basi! Nani anafuata?"

Blandine alikuwa mlangoni tayari, na wenzake kumi nyuma yake.

Ng'ambo ya barabara, Emery alikuwa anatengeneza pikipiki. Habari ya wiki sita aliipata pamoja na mtaa mzima. Vijana wakampigia miluzi. Yeye akaweka spana chini, akapangusa mikono, akavuka kwenda kumchukua mke wake.