Nyumba ya Ukurasa wa Tisa

Bati la kumi na nne lilipokwisha kupigiliwa, chumba kiliingia giza, na mkongwe aliyelala kitandani akauliza kama adhana ya magharibi imekwisha kupita. Binti yake akamjibu kuwa ni asubuhi bado; giza lile ni la paa. Mkongwe akalitazama. Kisha akasema alhamdulillahi mara tatu, na ya nne ikakatizwa na kikohozi.

Binti mwenyewe alikwisha kuota mvi. Kazi yake ilikuwa kuponda kokoto machimboni, na majirani walimwita Nyundo. Mabati yale aliyapata moja moja kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, aliyekuwa akichukua kokoto na kulipa kwa bati kila alipopenda. Ilimchukua miaka minne, na muda wote huo mama alilala chini ya magunia na nailoni zilizokandamizwa kwa mawe. Safari ya mwisho, tabibu wa zahanati hakumzungusha. Alimwambia kifua kile kikilowa tena masika hii, asimlete kwake, ampeleke moja kwa moja kwa wachimba kaburi.

Adhuhuri akaja Fundi, mshona nguo wa cherehani, shoga yake wa kufa na kuzikana, ambaye pia alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mtaa. Hakumpa hongera. Alisimama nje, mkono juu ya macho, kwani bati jipya lilimchoma kwa mng'ao.

"Shoga, umefanya nini?"

"Si unaona? Nimeezeka."

"Naona. Na ukurasa wa tisa je?"

Nyundo alikuwa ameusahau. Mwaka mmoja nyuma, shirika lilifika mtaani likisema kwamba ufukara hauondolewi na wakubwa, bali na mafukara wenyewe wakipaza sauti. Afisa wake, kijana mwenye adabu na viatu visivyoshika vumbi, aliwafundisha kuandika barua kwa waheshimiwa, kutia dole gumba, kuyasimulia maisha yao kwa dakika mbili pasi na kulia. Hakuna aliyeshika somo kama Nyundo. Ndiye aliyepita mlango kwa mlango akiwatoa watu waliosema wamechoka kuhesabiwa. Ndiye aliyewafundisha kujibu "Sauti moja!" kila afisa anapoita. Shirika likampiga picha yeye, mama yake na ile nyumba isiyo na paa, likaitia katika kitabu, ukurasa wa tisa. Waheshimiwa watatu wangefika baada ya siku tano, kitabu mkononi, kuamua kama mtaa ule upewe bomba la maji au upewe mwingine.

"Wataitazama picha," Fundi alisema, "kisha watalitazama bati lako. Watasema hawa waongo, na bomba litakwenda kwa wenzetu."

Nyundo akasema waoneshwe nyumba nyingine. Mtaa haukupungukiwa na nyumba mbovu. Fundi akajibu kwamba kitabu kimekwisha kuchapwa.

Jioni kikao kikakaa katika darasa la shule. Afisa alizungumza kwa upole mno. Alisema shirika halina mamlaka juu ya paa la mtu. Haki ya makazi ni haki, nao wanaitetea. Aliloweza ni kuwaeleza tu namna wageni wanavyofikiri. Nyundo akamwuliza waziwazi kama anamtaka abomoe.

"Hapana, mama. Sisi hatuamui. Uamuzi ni wa jamii yenyewe."

Akakusanya karatasi zake, akatoka, ili watu waamue kwa uhuru.

Walipobaki wenyewe, Nyundo aliwaeleza maneno ya tabibu. Wakamsikiliza, kwani walikuwa wamefundishwa kusikilizana. Kisha mchuuzi wa mkaa akasema mkongwe amelala bila paa miaka minne na roho iko palepale. Siku tano ndizo zitakazomtoa? Mtu mmoja akacheka, akajificha nyuma ya mwenzake. Mwanamke aliyezika watoto wawili kwa maji ya mtaro hakucheka. Alikuwa wa kwanza kuinua mkono. Mikono ikafuata, na Nyundo akaitazama mmoja mmoja; hapakuwa na hata mmoja ambao hakuupigia hodi mlangoni mwenyewe siku za kuwaita watu.

"Sauti moja," Fundi akasema kwa sauti ya chini, kama anayefunga dua.

Asubuhi seremala aliyeezeka ndiye aliyepanda kuezua. Alimwambia, "Dada, nisamehe. Nimeona heri nije mimi kuliko aje mwingine akayapasue." Aling'oa misumari kwa taratibu, akainyoosha juu ya jiwe, akamkabidhi yote ndani ya kopo. Mabati yakapelekwa kwa Fundi, yawekwe salama, nao wote walijua salama na nani.

Siku ya tano wageni hawakuja. Afisa alileta habari kwamba waheshimiwa wana vikao. Juma likapita, na la pili, na kila alasiri wingu lilijikusanya upande wa machimbo. Nyundo alikwenda kwa Fundi akaomba mabati mawili tu, ya kufunika kitanda.

"Mawili nayo yataonekana."

Akaomba basi mama alazwe kwa Fundi, chini ya paa la Fundi.

Fundi alikuwa akitia uzi sindanoni, na uzi ukakosa tundu mara mbili. "Mama yumo kwenye picha, Nyundo. Na wageni hawana saa. Wakifika wakute kitanda kitupu?"

Nyundo alimtazama mwanamke huyu waliyenyonyeshana watoto. Alitaka kumtukana, lakini akakumbuka kuwa maneno yale aliyafundisha yeye: mmoja akijitenga, wote wameanguka.

Siku ya kumi na nane mvua ilishuka alfajiri, ikapumzika, na saa nne, magari yalipokwisha kuegeshwa chini barabarani, ikarudi kwa hasira. Wageni walikuwa nusu ya mlima wa kupandia mtaani. Fundi akapiga kelele, wanaume wakakimbilia nyumbani kwake, na kufumba na kufumbua waheshimiwa walikuwa wanapanda chini ya mabati, wanne wanne wameyashika juu ya vichwa vyao. Hivyo ndivyo walivyoingia chumbani kwa Nyundo: paa lake limewafunika wao, na kitanda kimeachwa wazi ili kionekane.

Mheshimiwa mnene alifungua ukurasa wa tisa. Akaitazama picha, akamtazama mkongwe, ambaye blanketi lilikuwa limemganda mwilini kama ngozi ya pili.

"Ndiyo yenyewe," alisema, na watu wakashusha pumzi. Kisha akamgeukia Nyundo kwa huruma. "Lakini mama, miaka yote hii, kwa nini msijikongoje hata bati moja moja?"

Mvua iligonga mabati. Afisa alimwashiria kwa kichwa, kwa wema, kama mwalimu kwa mwanafunzi anayemtegemea. Seremala, aliyeshika pembe ya bati, aliangalia chini.

"Hatuna uwezo, mheshimiwa," Nyundo akasema.

"Na haya ya nani?" Akaligonga lile lililo juu yake.

"Ya jamii," Fundi akadakia. "Wameyatoa kwa ajili yenu."

Mheshimiwa akapendezwa. Akasema jamii yenye moyo kama huu haiwezi kuitwa fukara kabisa. Akaandika maneno mawili matatu kitabuni, akayafunika kwa kiganja yasilowe, wala hakuna aliyethubutu kumwuliza ameandika nini.

Wakatoka. Nyundo akaliona paa lake likiteremka mlima kwa miguu ya jirani zake, bati kwa bati, likiyumba na kung'aa. Akamwinamia mama, mikono na magoti juu ya kitanda, mgongo kauweka juu. Maji yakamshukia mgongoni, yakamwagikia blanketini kushoto na kulia. Kikohozi kilikuwa kimekoma, naye hakujua kimekoma tangu lini.

Nyayo zikarudi mbio mlangoni. Alikuwa afisa, kamera mkononi, pumzi juu.

"Kaa hivyo hivyo, mama," alisema. "Usisogee."