Kiambatisho Kisizidi Megabaiti Moja

Jumapili ya pili ya Februari 2003, Karatu nzima ikiwa kanisani, Mwalimu Sabina alibaki sebuleni kwake akitega sikio kwenye modemu. Alikuwa mstaafu. Kompyuta aliachiwa na meneja wa mashamba ya kahawa ya Oldeani, naye aliifunika kwa kitambaa cha kufuma kama alivyofunika redio. Laini ya simu ilishika vizuri saa za misa tu, watu walipokuwa wakizungumza na Mungu badala ya mashemeji zao wa Arusha. Paroko alimruhusu asali jioni.

Kando yake alikaa Mepukori, mfugaji Mmasai wa Olbalbal, fimbo yake magotini. Pampu ya kisima chao ilikuwa imekufa tangu mwaka juzi, na ng'ombe walikuwa wanakonda. Ofisi moja ya visima kule Arusha ilikuwa imepewa kompyuta na wafadhili, na tangu siku hiyo haikutaka tena kuona karatasi. Maombi yatumwe kwa intaneti, ilisema, pamoja na idadi ya mifugo.

Idadi ndiyo iliyoleta kazi. Mepukori hakuhesabu ng'ombe wake, kwa sababu kwao ng'ombe akihesabiwa ni kama ameitiwa kifo. Mwenye mali anawajua kwa sura, na jioni asipomwona mmoja anajua ni nani. Kwa hiyo alileta picha, moja kwa kila ng'ombe, bahasha tatu zimejaa, zimesafishwa studio ya Karatu.

"Wahesabu wao," alisema. "Balaa liwe lao."

Mwalimu alizipitisha zote kwenye skana, akaanza kutuma. Zilipofika asilimia ishirini na tisa misa ikaisha, laini ikakatika. Walihitaji Jumapili nne kulifikisha faili lile Arusha. Ofisi ikajibu siku ya pili tu, jambo ambalo haikuwahi kumfanyia mtu: kiambatisho kisizidi megabaiti moja, punguzeni ukubwa.

Mwalimu alipunguza picha kwa nusu, akatuma tena. Jumatano Mepukori alikuja na lori la mahindi kutoa taarifa.

"Ng'ombe wamepungua, Mwalimu."

"Kiasi gani?"

"Nusu."

"Wote sawasawa?"

"Sawasawa. Hakuna aliyepinda."

Mwalimu alishukuru, maana programu za siku hizo zilikuwa na tabia ya kupindisha. Ofisi ikasema faili bado ni kubwa. Akapunguza hadi robo, na Olbalbal ng'ombe wakawa na kimo cha kuku. Nareyu, mke wa Mepukori, aliwakamulia kwenye kizibo cha chupa, na mchana aliwafunika kwa tenga wasibebwe na mwewe. Yule mwekundu mwenye baka shingoni, ukimtazama kwa karibu, alikuwa na vipande vya mraba.

Roho ilimsuta Mwalimu, akajaribu kumkuza huyo mwekundu. Alirudi kimo chake cha zamani, lakini amejaa ukungu, hajulikani pua iko wapi. Ndama wake alimnusa akamkataa. Ikabidi apunguzwe tena.

Safari hii faili lilipita. Ofisi ikamtuma mtaalamu, Bwana Martini, ambaye alishuka kwenye gari na katoni ya maji ya chupa. Alichuchumaa, akapima ng'ombe kwa rula, akawatazama wakinywa. Walikunywa ndoo moja, wakashiba wote, na ya pili ikabaki nzima. Aliandika kwamba mifugo ya ukubwa huo inatoshelezwa na maji yaliyopo, na pampu haihitajiki. Hakuandika kwamba ndoo zile mbili Nareyu alizifuata alfajiri kwa miguu, akarudi nazo jua la utosi. Hakuuliza, na fomu yake haikuwa na sehemu ya kuandika hilo.

Mwalimu Sabina aliposoma barua pepe ya ofisi ya kuwanyima pampu alikasirika, akatukana kwa Kiiraqw, lugha ya kwao, mbele ya kompyuta. Mepukori alimsubiri amalize. Rufaa iliruhusiwa, ila safari hii ofisi ilitaka picha za watu watakaofaidika.

Jumapili iliyofuata alileta picha moja, yeye na Nareyu na watoto wao, wote na shuka safi. Nareyu alikuwa amesimama pembeni kabisa, ndoo kichwani, maana mpiga picha alimkuta akitoka kuchota maji.

"Ni kubwa hii," alisema Mwalimu. "Wataikataa."

"Basi ipunguze kabla hawajasema. Weka robo. Hata pampu wasipotupa, hizo ndoo mbili zitatutosha wiki nzima."

"Mkishakuwa wadogo hivyo, ndoo atabeba nani?"

Mepukori hakuwa amelifikiria hilo. Aliichukua picha, akaitazama kwa muda mrefu kwa mapenzi ya kweli, kisha akaomba mkasi. Alimkata Nareyu taratibu, akiangalia asiguse ndoo, akakiweka kile kipande mezani, juu ya kitambaa cha kufuma.

"Huyu mwache alivyo," alisema.

Kengele ya misa ikalia. Mwalimu akapiga namba, na laini ikashika mara moja.